Subira bila daftari haimfai mwekezaji wa Taita Taveta

WAKAZI wa Kaunti ya Taita Taveta si wageni wa kusubiri. Mkonge unaopandwa katika mashamba makubwa ya Mwatate huchukua takriban miaka mitatu kabla ya majani yake ya kwanza kukatwa, na anayeukata kabla ya wakati huudhoofisha mmea mzima. Migomba ya Taveta na miti ya matunda iliyo milimani Wundanyi nayo ina muda wake, na hakuna mkulima anayeilaumu kwa kuchelewa.

Katika masuala ya fedha, hata hivyo, subira hiyo imekuwa na sura mbili. Wapo walionunua hisa kwa pupa, na soko lilipotikisika wakaziuza kwa hasara. Wapo pia walionunua hisa, wakazifungia stakabadhi sandukuni na wasiulize habari zake kwa miongo kadhaa. Makundi hayo huonekana kutofautiana kama usiku na mchana, lakini yote mawili yamepungukiwa na jambo lilelile, nalo ni nidhamu.

Suala hili lina uzito wa pekee katika kaunti hii. Takriban asilimia 62 ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Katika sehemu inayobaki, ndovu huvamia mashamba na ukame hufagia mifugo. Miji ya barabarani, Voi ikiwemo, ilipata treni ya abiria ya Madaraka Express mwaka 2017, lakini shehena zilipohamia relini wafanyabiashara waliotegemea madereva wa malori walilalamika kupoteza wateja. Mwalimu, askari wa wanyamapori au mwenye duka anayepoteza akiba ya miaka 20 katika mazingira kama hayo hana pato jingine la kumfidia.

Ndiyo sababu inafaa kuchunguza yaliyowapata wawekezaji wadogo tangu miaka ya 2000, ili ibainike subira ipi huzaa matunda na ipi huzaa majuto.

Funzo la Safaricom

Mnamo Machi 28, 2008, mwezi mmoja tu baada ya kutiwa saini kwa mkataba uliomaliza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, serikali ilianza kuuza hisa 10 bilioni za kampuni ya Safaricom. Hisa hizo zilikuwa sawa na asilimia 25 ya kampuni nzima, na bei ilikuwa Sh5 kwa kila moja. Wakenya walijitokeza kwa wingi usiotarajiwa. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo kwa zaidi ya mara nne.

Benki ziliona fursa na kutoa mikopo kwa waliotaka kununua. Wengi walikopa wakiamini kwamba wangeuza hisa siku ya kwanza, walipe deni na kubaki na faida. Hesabu hiyo ilipata nyufa mapema. Wawekezaji wadogo walipewa takriban moja kwa tano ya hisa walizoomba, na fedha zilizosalia zilichelewa kurejeshwa ilhali riba ya mkopo iliendelea kuhesabiwa.

Hisa hizo zilianza kuuzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE) Juni 9, 2008. Bei ilipanda kupita Sh7, kisha ikaanza kuteremka. Septemba mwaka huo benki ya Lehman Brothers ya Marekani ilianguka, na wawekezaji wa kigeni wakaondoa fedha zao katika masoko madogo kama la Nairobi. Kufikia 2009, hisa iliyonunuliwa kwa Sh5 ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya Sh3.

Hapo ndipo wanunuzi wa hisa moja, kwa bei moja, walipotengana njia. Aliyekopa alilazimika kuuza kwa sababu mkopeshaji hakuwa na subira naye. Aliyetumia fedha ambazo hakuzihitaji kwa karo wala kwa chakula alikuwa na uhuru wa kungoja. Hakuhitaji ujuzi wa ajabu wa uchumi. Alichohitaji ni kuwa ametenga fedha za aina hiyo kabla ya kuingia sokoni.

Matokeo yake yanajulikana. Bei ya hisa ya Safaricom ilivuka Sh40 mwaka 2021, ikashuka chini ya Sh15 kufikia mwisho wa 2023, kisha ikapanda tena mwaka 2025. Katika mwaka wa fedha uliokamilika Machi 2025, kampuni hiyo ilitoa mgao wa faida wa Sh1.20 kwa kila hisa. Mwenye hisa 1,000 alizozinunua kwa Sh5,000 mwaka 2008 alistahili Sh1,200 kwa mwaka huo mmoja, kabla ya kukatwa ushuru wa asilimia 5. Hiyo ni asilimia 24 ya mtaji wake wa awali.

Lakini hadithi hii ina upande wa pili ambao wauzaji wa matumaini hawapendi kuusimulia. Aliyevutiwa na sifa za kampuni hiyo mwaka 2021 na kununua kwa Sh40 alipata mgao uleule wa Sh1.20, ambao kwake ni asilimia 3 tu. Isitoshe, kufikia mwisho wa 2023 thamani ya hisa zake ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Kampuni ilikuwa ileile. Bei iliyolipwa ndiyo iliyokuwa tofauti. Nidhamu ya mwekezaji basi huanza siku ya kununua, wala haingoji siku ya msukosuko.

Subira pekee haitoshi

Endapo Safaricom ingekuwa mfano wa pekee, ushauri ungekuwa rahisi: nunua, kisha tulia. Soko la Nairobi limetoa mifano mingine inayoonya dhidi ya kauli hiyo.

Kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2006 kwa Sh11.90. Baada ya hisa hizo kuingia sokoni Mei mwaka huo, bei ilipanda kwa zaidi ya mara tatu, na ni msisimko huo uliowafanya wengi kuisubiri Safaricom kwa hamu miaka miwili baadaye. Kufikia 2023, hisa ya KenGen ilikuwa ikiuzwa kwa karibu Sh2. Bei ilipanda tena mwaka 2025, lakini aliyeishikilia tangu mwanzo alikuwa amekaa miaka mingi akiwa na mali yenye thamani ndogo kuliko aliyoinunulia, huku mfumko wa bei ukiila polepole.

Yaliyowafika wenyehisa wa kampuni ya sukari ya Mumias ni mazito zaidi. Kampuni hiyo iliorodheshwa sokoni mwaka 2001 na kwa miaka kadhaa ilisifiwa sana. Ilianza kutangaza hasara mwaka 2013, madeni yakaongezeka, na Septemba 2019 ikawekwa chini ya mrasimu. Aliyesubiri tu, bila kusoma taarifa za hesabu zilizokuwa zikizidi kuwa mbaya mwaka baada ya mwaka, alisubiri hadi mali yake ikawa karatasi.

Shirika la ndege la Kenya Airways nalo liliorodheshwa mwaka 1996 kwa shangwe kubwa. Mnamo Julai 2020 uuzaji wa hisa zake ulisimamishwa, na haukurejea hadi Januari 2025. Kwa zaidi ya miaka minne, mwenyehisa aliyetaka kuuza ili alipie matibabu au karo hakuwa na njia.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hawakusema kwamba kila tunda linalongojewa huiva. Mengine huozea mtini, na ni jukumu la mwenye shamba kulitazama. Mwekezaji mwenye nidhamu hauzi kwa sababu bei imeshuka wiki hii. Huuza pale sababu iliyomfanya anunue inapokuwa haipo tena: faida zimegeuka hasara za kudumu, madeni yameizidi kampuni nguvu, au wasimamizi wameacha kutoa hesabu kwa wakati. Ili ajue hayo, ni lazima sababu ya kununua iwe imeandikwa mahali.

Ranchi na hisa zilizosahaulika

Si lazima mkazi wa Taita Taveta aende Nairobi kutafuta ushahidi wa hoja hii. Amezungukwa nao. Katika miaka ya 1970, nyanda kavu zilizo kati ya milima na mbuga za Tsavo ziligawanywa kuwa ranchi za kufuga ng'ombe wa nyama. Baadhi zilikuwa za vikundi na nyingine zilisajiliwa kama kampuni zenye wenyehisa. Majina yake yanafahamika na kila mwenyeji: Taita, Kasigau, Maungu, Sagalla, Ndara, Mgeno, Lualenyi na nyinginezo.

Familia nyingi zilichanga fedha na kununua hisa. Kwa maana halisi, hao walikuwa miongoni mwa wawekezaji wa kwanza wa muda mrefu katika eneo hili. Ukame, wanyamapori, wizi wa mifugo, madeni na usimamizi mbovu viliziangusha ranchi nyingi. Miaka ilipita bila mgao wa faida. Wengine walizihesabu hisa hizo kuwa zimekufa, na wazee walipofariki, baadhi yao hawakuwaambia hata watoto wao kwamba hisa zilikuwepo.

Kisha mambo yakabadilika kwa njia ambayo hakuna aliyeitabiri. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Wildlife Works ilianza shughuli za uhifadhi katika ranchi ya Rukinga, karibu na Maungu. Mnamo 2011, mradi wake unaojulikana kama Ushoroba wa Kasigau ukawa wa kwanza ulimwenguni kupewa hati za kaboni zilizothibitishwa, katika soko la hiari, kwa kazi ya kuzuia ukataji wa misitu. Mradi huo ulipanuliwa hadi ranchi nyingine nyingi na kufunika zaidi ya hekta 200,000. Sehemu ya mapato ya kuuza hati hizo hulipwa wenye ardhi, maana yake ranchi na wenyehisa wake.

Umaarufu wa nyika hiyo ulifika hata katika soko la London. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC), tawi la Benki ya Dunia, liliuza huko bondi ya dola 152 milioni za Marekani. Wanunuzi wake waliruhusiwa kuchagua kupokea riba kwa fedha taslimu au kwa hati za kaboni kutoka Kasigau. Vichaka ambavyo wenyewe waliviona havina faida vikawa mali inayotajwa mbele ya wawekezaji wa kimataifa.

Hapa pana jambo la kutafakari. Mwenyehisa aliyehifadhi stakabadhi zake, akahudhuria mikutano na kuhakikisha jina lake limo katika daftari la ranchi, alikuwa na msingi wa kudai haki yake mapato yalipoanza kuingia. Familia ya mwenyehisa aliyefariki bila kurithisha hisa kisheria ilijikuta na jina la marehemu daftarini, bila sauti mkutanoni. Wote wawili walikuwa wamengoja idadi ileile ya miaka.

Mababu wa Kitaita waliielewa tofauti hii vizuri. Misitu mitakatifu iitwayo fighi imedumu milimani kwa vizazi vingi huku misitu mingine ikiteketea. Haikudumu kwa kuachwa tu. Ilidumu kwa sababu ilikuwa na walinzi, masharti na wazee waliojua ni nani anaruhusiwa kuingia na kwa shughuli gani. Kila kizazi kilikabidhiwa masharti hayo na kilichotangulia. Hisa ya ranchi nayo huhitaji ulinzi wa namna hiyo.

Mapato ya kaboni yenyewe si ya kutegemewa kwa kufumba macho. Mwaka 2023 soko la hiari la hati za kaboni lilitikiswa na ripoti za kimataifa zilizotilia shaka ubora wa hati nyingi za misitu, na bei zikashuka. Novemba mwaka huo, Tume ya Haki za Kibinadamu ya Kenya (KHRC), ambayo ni shirika lisilo la kiserikali, pamoja na shirika la SOMO la Uholanzi, zilichapisha madai ya unyanyasaji wa kijinsia dhidi ya baadhi ya wafanyakazi wa mradi wa Kasigau. Mwenyehisa wa ranchi ana kila sababu ya kufuatilia mambo kama hayo, kwa kuwa pato lake linategemea jina jema la mradi kwa wanunuzi.

Mwaka huohuo wa 2023 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Sheria hiyo inataka miradi ya kaboni inayotumia ardhi ya umma au ya jamii iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka. Lakini ranchi nyingi zinashikilia ardhi kwa mikataba ya kukodisha, kwa jina la kampuni au kikundi. Kwa hivyo kila mwenyehisa ana maswali ya kuuliza: ardhi ya ranchi imesajiliwa vipi, mkataba wake unaisha lini, na makubaliano ya kugawana mapato yanasemaje. Asiyeuliza atagawiwa kile ambacho wengine wameamua.

Tamaa ya mavuno ya haraka

Iwapo usahaulifu ni adui mmoja wa mwekezaji, pupa ni wa pili. Katikati ya miaka ya 2000, mipango ya upatu wa piramidi ilienea Kenya kama moto nyikani. Waumini waliivutwa hata makanisani, wakaambiwa wapande mbegu ndogo na kuvuna maradufu baada ya wiki chache. Mwaka 2009, jopokazi lililoongozwa na Francis Nyenze liliripoti kwamba Wakenya zaidi ya 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya Sh8 bilioni.

Waathiriwa wengi hawakuwa wavivu. Walikuwa watu walioweka akiba kwa miaka, na ni akiba hiyohiyo iliyowafanya wawindwe. Walitoa fedha katika vyama vya ushirika, wengine wakakopa, kwa sababu asilimia chache za faida kwa mwaka zilianza kuonekana duni mbele ya ahadi ya maradufu.

Hesabu rahisi inaonyesha gharama ya kukatiza safari. Tuseme mfanyakazi wa Voi anaweka Sh3,000 kila mwezi mahali panapompa asilimia 10 kwa mwaka baada ya gharama, na faida inaongezwa kwenye mtaji kila mwezi. Baada ya miaka 10 atakuwa na takriban Sh614,000. Akiendelea hadi mwaka wa 20, atakuwa na takriban Sh2.28 milioni, ilhali fedha alizotoa mfukoni ni Sh720,000 tu. Miaka 10 ya pili humpa zaidi ya maradufu ya ile ya kwanza, kwa sababu faida yenyewe imeanza kuzaa.

Sasa tuseme mtu huyo alitoa Sh200,000 katika mwaka wa 10 na kuzitia katika mpango wa upatu uliosambaratika. Kufikia mwaka wa 20 upungufu wake si Sh200,000. Ni zaidi ya Sh540,000, kwani amepoteza pia kila ambacho fedha hizo zingezaa. Wahenga walisema bandubandu huisha gogo, na hapa gogo linachanjwa likiwa bado halijakomaa.

Hesabu hizo ni za mfano. Hakuna anayeweza kuhakikishiwa asilimia 10 kila mwaka, na mfumko wa bei, uliofika asilimia 9.6 Oktoba 2022, unaweza kuimeza karibu faida yote kwa kipindi fulani. Lakini kanuni haibadiliki: muda ndio mtaji mkubwa wa mtu mwenye kipato kidogo, na ndio asioweza kuukopa.

Mali bila daftari

Pana msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu unastahili kubandikwa katika ukumbi wa kila mkutano mkuu wa chama cha akiba na mikopo.

Vyama hivyo, maarufu kama Sacco, ndivyo ngome ya uwekezaji wa kawaida katika kaunti hii. Chama cha walimu wa Taita Taveta, ambacho baadaye kilichukua jina la Qwetu Sacco, ni mfano wa jinsi makato madogo ya mshahara yanavyoweza kujenga taasisi. Nguvu ya Sacco ni kwamba makato hufanywa kabla mshahara haujamfikia mwanachama, na akiba haitolewi ovyo. Mwenye dharura hukopa kwa dhamana ya akiba yake badala ya kuivunja.

Hata hivyo, Sacco pia huhitaji macho. Mwanzoni mwa 2025, uchunguzi wa hesabu za muungano wa kitaifa wa vyama hivyo, KUSCCO, ulifichua kwamba zaidi ya Sh13 bilioni hazikujulikana zilipo. Baadhi ya Sacco zilizokuwa zimeweka fedha huko zililazimika kutenga sehemu ya mapato yao kufidia hasara. Wanachama wengi wa kawaida hawakuwa wamewahi kuuliza akiba yao ya ziada huwekwa wapi.

Kadhalika, mwaka 2008, wiki chache kabla ya hisa za Safaricom kuuzwa, kampuni ya mawakala wa hisa ya Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria baada ya kuingia matatani. Wateja waliokuwa na taarifa za akaunti zao za hisa walikuwa na ushahidi wa mali yao. Waliomwachia wakala kila kitu walianza safari ndefu ya kujieleza.

Mgao wa faida usiochukuliwa nao haukai milele ukimngoja mwenyewe. Baada ya muda uliowekwa na sheria ya 2011, fedha na hisa zisizodaiwa huhamishiwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa (UFAA). Mwenyewe au warithi wake wanaweza kuzidai, lakini ni lazima wajue kwamba zipo. Nambari ya simu iliyobadilishwa bila wakala kuarifiwa, au akaunti ya benki iliyofungwa, hutosha kuipoteza njia ya mgao.

Bondi na kishawishi cha riba

Wapo wanaoamini kwamba suluhisho ni kuikimbia hisa na kuikopesha serikali. Njia hii imekuwa rahisi zaidi. Mwaka 2017 serikali ilizindua M-Akiba, bondi iliyouzwa kwa simu kuanzia Sh3,000 kwa riba ya asilimia 10. Mwaka 2023 Benki Kuu ya Kenya (CBK) ilianzisha mfumo wa DhowCSD, unaomwezesha mkazi wa Wundanyi au Taveta kununua bondi bila kusafiri.

Lakini hata huku nidhamu hupimwa. Februari 2024, serikali iliuza bondi ya miundomsingi ya miaka minane na nusu kwa riba ya takriban asilimia 18.5, isiyotozwa ushuru. Wakati huo hati fupi za siku 91 zilikuwa zikitoa karibu asilimia 16, na wengi walipendelea hizo kwa kuwa fedha hurudi upesi. Kufikia katikati ya 2025, riba ya hati za siku 91 ilikuwa imeteremka hadi karibu asilimia 8. Aliyefunga fedha zake kwa muda mrefu aliendelea kulipwa kiwango cha 2024. Aliyebaki katika hati fupi alipoteza karibu nusu ya pato lake.

Haimaanishi kwamba fedha zote zifungwe kwa muda mrefu. Zinazohitajika kulipa karo ya muhula ujao hazifai kuwekwa katika bondi ya miaka minane wala katika hisa. Kinachotakiwa ni kila fungu la fedha liwe na kazi yake na tarehe yake, ili dharura ya leo isilazimishe kuuzwa kwa mali ya kesho.

Nidhamu yenyewe ni ipi?

Kutokana na mifano hii yote, nidhamu ya mwekezaji wa muda mrefu inaweza kuelezwa bila maneno makubwa.

Kwanza ni kuwa na akiba ya dharura iliyo mbali na uwekezaji. Katika kaunti ambayo ndovu mmoja anaweza kumaliza mavuno ya msimu kwa usiku mmoja, akiba hiyo ndiyo ua linalolinda mengine yote. Pili ni kutokopa ili kununua kitu ambacho bei yake hupanda na kushuka. Tatu ni kutoa kiasi kilekile kila mwezi, wakati wa shangwe na wakati wa hofu.

Nne ni kukagua kwa ratiba. Mara mbili kwa mwaka hutosha kwa wengi: kusoma taarifa ya hesabu, kulinganisha hali na sababu iliyoandikwa siku ya kununua, kisha kufunga daftari. Anayetazama bei kila asubuhi hutafuta sababu ya kuuza na huipata. Asiyetazama kabisa hatajua nyumba inapoungua. Tano ni kuwaeleza mwenzi na watoto kila kilichopo, kwa maandishi.

Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji shahada ya uchumi. Yote huhitaji kurudiwa kwa miaka mingi bila mtu wa kupiga makofi, na huo ndio ugumu wake.

Mtihani unaofuata kwa wenyehisa wa ranchi za Taita Taveta uko karibu kuliko wanavyodhani. Mradi wa Kasigau ulipangwa kudumu miaka 30, na awamu yake ya kwanza ilianza kuhesabiwa katikati ya miaka ya 2000. Mikataba itajadiliwa upya, wanunuzi wapya wa kaboni watabisha hodi, na wapo watakaotaka kununua hisa za wazee kwa bei ya kutupa. Watakaojua thamani ya walicho nacho ni wale watakaokuwa wamesoma hesabu za ranchi zao kabla ya mgeni kufika mezani. Mkutano mkuu ujao wa kila ranchi ni mahali pazuri pa kuanzia, na swali la kwanza ni kama jina la mwenyehisa aliye hai limo daftarini.